Matairi ya Kuazima

Msomaji wetu mmoja akaaye katika milima ya Usambara ametuletea swali ambalo kwanza lilituchekesha, kisha likatukosesha raha siku kadhaa. Anayo pikapu, Toyota Hilux iliyotengenezwa mwaka 1994, naye huitumia kuteremshia kabichi, karoti na viazi kutoka Lushoto hata Mombo, pale barabara ya mlimani inapokutana na barabara kuu. Mwaka huu wakati wa ukaguzi ulipofika, matairi yake mawili ya nyuma yalikuwa vipara, hayana jino hata moja. Fedha ya kununua mengine hakuwa nayo. Basi alimwendea jirani yake mwenye gari la namna ile ile, akaazima magurudumu mawili mazima, akayafunga jioni, na asubuhi akalipeleka gari likakaguliwa. Likapita. Akapewa stika, akaibandika kiooni, na kabla jua halijachwa magurudumu yalikuwa yamerudi kwa mwenyewe, yakisindikizwa na mkungu wa ndizi.

Ajitetea hivi: rushwa hakutoa, na uongo hakusema hata neno moja. Mkaguzi alitaka kuona matairi mema, akayaona. Mkewe asema ametenda vibaya. Fundi wake asema kila mtu hufanya hivyo. Ataka sisi tuamue. Je, amekosa? Na ikiwa amekosa, amemkosea nani?

Wako watakaoona kwamba swali hili ni dogo mno kuchukua nafasi ya ukurasa huu. Sisi hatuoni hivyo. Kuua na kuiba hakumsumbui mtu mwema kila siku. Juu ya mambo hayo ajua asimamapo. Yanayomsumbua ni haya ya matairi, ambayo mtu huyatenda akiwa na sababu iliyo nusu nzuri, mbele ya sheria anayoiheshimu nusu, na huku jirani mwema akimshikia jeki.

Tuanze na huyo jirani, maana katika kisa hiki yeye ndiye asiyeulizwa lolote. Kwetu kuazimana si aibu. Watu huazimana chumvi, jembe, sufuria kubwa ya harusi, viti na turubai la msiba. Kijana aendaye kuposa huazima koti, na mzee aliyempa koti huhesabiwa kuwa ametenda wema. Mtu asiyeazima wala kuazimwa twamwona kuwa amejitenga na wenziwe. Kwa hiyo mwenye magurudumu alipoyatoa bila kudai kodi alifuata mila njema, na moyo wake haukuona doa lolote. Walakini sufuria ya kuazima hupika wali kweli, na wageni hula wakashiba. Jembe la kuazima hulima. Viti vya kuazima hukaliwa na waombolezaji. Kitu huazimwa kwa muda ule ule ambao haja ipo, na haja ikiisha hurudi kwake. Magurudumu haya yaliazimwa kinyume. Yalifungwa siku ambayo gari halikubeba mzigo wala mtu, likaenda taratibu hata uwanja wa ukaguzi na kurudi. Yakafunguliwa usiku wa kuamkia siku ya soko, yaani saa ile ile haja ilipoanza. Yaliazimwa yatazamwe tu.

Atasema mtu kwamba koti la kuposea nalo huazimwa ili litazamwe. Ni kweli, na wazazi wa binti wenye busara walijua jambo hilo zamani. Ndiyo maana huuliza habari za shamba la kijana, koti wakaliacha.

Sasa tuje kwenye sheria. Tanzania inayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kila mwaka Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi hukagua magari na kutoa stika, hasa wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Madereva wengi wana falsafa yao juu ya sheria za namna hii, ingawa hawaiiti falsafa. Husema: jambo hili ni kati yangu na trafiki. Asiponiona, hakuna neno. Akiniona, nalipa faini, na hesabu imekwisha. Mtu wa fikira hizo alipapo faini hajioni mwenye hatia hata kidogo. Hujiona kama mtu aliyelipa ushuru wa soko.

Falsafa hiyo ni kongwe kuliko motokaa. Watawa ndio waliotangulia kuifikiri. Wadominiko waliweka katika katiba yao mwaka 1236 kwamba kanuni zao hazimfungi mtawa kwa hatia ya dhambi, ila humfunga kwa adhabu. Baadaye wanazuoni wakauliza kama sheria za serikali nazo zaweza kuwa hivyo, na Mhispania Francisco Suárez, katika kitabu chake kikubwa juu ya sheria kilichotoka mwaka 1612, alikubali kwamba ziko sheria ambazo mwenye kuzitunga hakukusudia zifunge dhamiri: zamtaka mtu ama azitii, ama aipokee adhabu. Wengine walimpinga vikali. Hatutaki kuumaliza ugomvi huo katika ukurasa mmoja wa gazeti. Twasema tu kwamba dereva wa Lushoto, pasipo kujua, anao watu wakubwa upande wake, na asichekwe.

Tena tumpe haki yake zaidi. Miongoni mwa mambo yanayokaguliwa yamo ambayo falsafa hiyo yaelekea kuyafaa. Balbu ya taa ndogo imulikayo namba ya nyuma imeungua. Mtu akaazima balbu ya jirani, akakaguliwa, akairudisha. Hatungemkosesha usingizi mtu huyo. Ametenda ujanja mdogo mbele ya serikali, na serikali ikimgundua, imtoze faini yake.

Lakini matairi je? Na breki? Hapa twaomba msomaji asafiri nasi kidogo hata Marekani, maana huko jambo limetokea ambalo latusaidia kufikiri. Jimbo la Texas kwa miaka mingi lilitaka kila gari la mtu binafsi likaguliwe usalama wake mara moja kwa mwaka, zikiwamo pikapu, ambazo huko ni nyingi mno. Mwaka 2023 wabunge wa jimbo hilo walipitisha sheria ya kuufuta ukaguzi huo, na tangu tarehe 1 Januari 2025 hautakiwi tena, isipokuwa kwa magari ya biashara. Basi tujiulize: asubuhi ya siku ile, mtu wa Texas alipata ruhusa ya kupita karibu na shule akiendesha gari ambalo ajua halina breki? Hakuna atakayesema hivyo, hata miongoni mwa waliotaka ukaguzi ufutwe. Mkaguzi ameondoka, na wajibu umebaki pale pale alipouacha. Maana yake ni kwamba si yeye aliyeuleta. Wajibu ulikuwapo kabla yake, naye alikuja kuuchungulia tu, kama mwalimu achunguliaye madaftari. Siku asipofika shuleni, hesabu iliyokosewa haigeuki kuwa sahihi.

Kwa sababu hiyo twaona kwamba falsafa ya kulipa faini na kumaliza hesabu, hata ikiwa ni kweli mahali pengine, hapa haifai. Huwezi kumlipa trafiki deni unalodaiwa na mtu mwingine. Wasomaji wengine watashangaa kusikia kwamba hata maaskofu wa dunia nzima, walipokutana katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, walishuka hadi kwenye mambo ya mwendo wa magari. Katika hati yao ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo waliwataja wale wazipuuzao sheria za mwendo, wakasema kwamba hao huhatarisha maisha yao wenyewe na ya wengine bila hata kufikiri. Hawakuwataja trafiki. Waliwataja wengine walio njiani.

Basi deni ni la nani? Barua yenyewe yatujibu, ingawa mwandishi wake hakukusudia. Ataja, kana kwamba ni neno dogo, kwamba siku za soko akina mama watano au sita hupanda nyuma juu ya magunia. (Gari la mizigo halikuundwa kwa kupakia watu namna hiyo. Hakutuuliza juu ya hilo, nasi twalitaja ili asidhani hatukuliona.) Barabara ya kutoka Lushoto hata Mombo yapata kilomita 33. Ni nyembamba, kona juu ya kona, mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono wa pili bonde. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na Mombo iko chini kabisa, ukingoni mwa tambarare yenye joto. Safari nzima ni kuteremka.

Meno ya tairi yana kazi moja hasa, nayo ni kuyapa maji njia. Mvua inyeshapo, tairi lenye mifereji huyasukuma maji pembeni, na mpira hugusa lami. Tairi lililo kipara hupanda juu ya maji, likapoteza ardhi. Juu ya lami kavu kipara hushika vema, tusidanganyane. Na labda ndiyo maana mwenye gari ameteremka salama mara nyingi wakati wa kiangazi, akajipa moyo. Lakini Usambara mvua na ukungu huja bila hodi. Tena vipara vyake ni vya nyuma. Gari lipotezapo ardhi kwa nyuma, mkia hutaka kukitangulia kichwa. Na mkiani ndipo walipoketi akina mama.

Hao ndio aliowakosea. Mkaguzi hakudhurika, jioni ile alikwenda kwake akala chakula chake. Naye hakuitaka kweli hiyo kwa ajili yake mwenyewe, aliitafuta kwa niaba ya watu sita ambao hawezi kuwauliza, nao hawana namna ya kuinama chini ya gari kabla ya kupanda. Tunapomficha yeye twawaficha wao. Kusema kwamba hakutoka neno la uongo kinywani ni kweli, walakini vitu navyo husema. Magurudumu mazima yaliyofungwa kwenye gari siku ya ukaguzi yalisema, kwa lugha ambayo mkaguzi na mwenye gari waliielewa sawasawa, kwamba hivi ndivyo gari hili litembeavyo.

Atajibu kwamba akina mama hawakuitazama stika. Kweli, hawakuitazama. Stika ina kazi nyingine, ya kimya zaidi: huyapumzisha macho ya wenye kutazama. Askari asimamaye njiani akiiona kiooni hupunga mkono, gari likapita. Kwa jioni moja ya kuazima, ndugu yetu amejinunulia mwaka mzima wa kutotazamwa. Hapo ndipo ubaya wa tendo lake ulipo mkubwa kuliko yeye adhanivyo. Kama angalikwenda na vipara vyake akakataliwa, angalikuwa maskini mwenye gari bovu ambalo kila mtu ajua kwamba ni bovu. Sasa anayo gari bovu lenye cheti cha uzima.

Juu ya rushwa, ambayo ajisifu kwamba hakuitoa, tumefikiri sana na hatukuafikiana sisi kwa sisi. Mtoa rushwa huharibu watu wawili, yeye na mpokeaji, na uharibifu ule huenea katika ofisi nzima. Mwenye kuazima hamharibu mkaguzi. Lakini humfanya mtu mwaminifu atie sahihi jambo lisilo kweli, akaamini kwamba ametimiza kazi yake. Kati yetu mmoja ashikilia kwamba hili ni afadhali. Wengine twaona ni vigumu kusema.

Tena ndugu yetu asidhani kwamba tungeridhika kama matairi yale yangalikuwa yake. Mkaguzi huliona gari kwa dakika chache, juu ya ardhi sawa, likiwa tupu na la baridi. Hutazama taa, indiketa, honi, mikanda, kioo, hushika usukani aone kama una mchezo, hukanyaga breki. Chukua mafuta ya breki. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakiisha kunywa maji hayo kipimo kinachodaiwa kwao chashuka hata 140. Gari lenye mzigo likiteremka mlima mrefu, na dereva akikanyaga breki mfululizo badala ya kuingiza gia ndogo, joto hilo laweza kufikiwa. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu hushuka hata sakafuni pasipo gari kusimama. Uwanjani breki hizo hizo zilishika barabara kabisa. Mwenye gari peke yake ndiye ajuaye kwamba mwezi uliopita, alipozimaliza kona za Soni, pedeli ilikuwa laini kuliko ilivyozoea. Ujuzi huo hakuna mkaguzi awezaye kumnyang'anya, na kwa sababu anao yeye peke yake, mzigo nao ni wake peke yake.

Hapa twaisikia sauti yake ikitukatiza: ninyi mwandikao mezani hamnunui matairi. Ni neno la haki, nasi hatutalipita upesi.

Ukaguzi wa magari, popote ulipo, huwaelemea wenye magari ya zamani, na wenye magari ya zamani kwa kawaida si matajiri. Uingereza ulipoanzishwa mwaka 1960, ulihusu kwanza magari yaliyotimiza miaka 10, ukatazama breki, taa na usukani. Matairi yaliongezwa mwaka 1968. Sababu yake ilieleweka, kwani gari kuukuu ndilo lenye breki za mashaka. Lakini maana yake machoni pa watu ni kwamba mwenye gari jipya hupita akipiga mluzi, na fundi wa seremala mwenye gari la kurithi hukesha. Japani nako pikapu ya mizigo, ikiisha kupita miaka yake 2 ya kwanza, hukaguliwa kila mwaka, na gharama zake si ndogo. Wengi huona afadhali kuuza gari lingali zima kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Mengi ya magari hayo hupakiwa melini, yakaja kwetu. Huenda Hilux ya ndugu yetu ilifika Dar es Salaam kwa sababu mtu mwingine, mbali sana, aliuogopa ukaguzi ule ule alioukwepa yeye.

Kwa hiyo twakubali kwamba sheria hii haina uzito mmoja mabegani mwa wote. Twakubali pia kwamba pikapu ile ndiyo karo ya watoto, ndiyo dawa, ndiyo mbolea ya mwakani, na kwamba likisimama gari, kabichi za shamba zima la jirani huoza. Umaskini humpunguzia mtu lawama, na sisi si wepesi wa kumwita mkosaji mkubwa. Lakini umaskini wake hauoti meno juu ya tairi. Nao akina mama walioko nyuma, je, wao ni matajiri? Hilo ndilo linalotuzuia kumwachilia kwa jina la umaskini: walio hatarini ni maskini kuliko yeye, kwa kuwa yeye hukaa mbele, nyuma ya usukani, wala hajaketi juu ya gunia.

Hakutuuliza afanye nini sasa, ila hatuwezi kumwacha njiani. Hatumwambii akaibandue stika leo hii akaipeleke kituoni, ingawa mkewe, twadhani, angependa tumwambie hivyo. Twamwambia kwanza asipakie mtu nyuma, hata mmoja, hata akilia. Mvua ikinyesha asiteremke. Akiteremka penye ukavu, apunguze magunia nusu, aingize gia ya pili tangu juu, na breki aziwekee akiba. Mafuta ya breki abadilishe; hayo bei yake si ya kutisha kama ya matairi. Kisha awaambie wale akina mama ukweli wa matairi, kama alivyotuambia sisi. Tumewahi kuona upatu wa akina mama wa soko ukinunua vitu vizito kuliko matairi mawili, nao wanayo sababu ya kutaka gari lile lifike Mombo, kwa maana kabichi ni zao.

Tena yuko jirani. Magurudumu yake yangali mazima, na urafiki haujavunjika. Ndugu yetu aliyeweza kumwomba kwa ajili ya saa moja ya uwanjani asione haya kumwomba kwa ajili ya siku za soko, mpaka ya kwake yanunuliwe. Kufunga na kufungua magurudumu mawili ni kazi ya nusu saa, jeki anayo, na mkungu mmoja wa ndizi kwa kila safari si bei mbaya.